Usikioshe Kwanza

Nilipanda mlima wa Mbololo, karibu na Voi, Jumamosi moja asubuhi na mfuko wenye simu, kadibodi nyeupe, kitochi na mswaki mpya. Mjomba wangu, mzee wa miaka sabini na ushei, alikuwa amenipigia wiki mbili kabla kuniambia kwamba macho yameanza kumwacha, na anataka vigari vyake vya kuchezea vipigwe picha kabla hajafika pa kuvitambua kwa kupapasa. Mimi nikaona kazi ya kwanza ni kuvisugua. Nilikuwa nimeshachota maji ya sabuni kwenye beseni, mkono mmoja umeshika kigari na mwingine mswaki, aliponiuliza kutoka kitini pake: “Mwanangu, hiyo ni picha unapiga ama unaosha maiti?”

Nikauweka mswaki chini. Nimeandika haya kuutetea msimamo ambao sikuwa nao nilipokuwa nikipanda mlima: kigari cha zamani kikishapita mikononi mwa watoto, usikioshe kwanza. Kipige picha na uchafu wake, na mikwaruzo yake, na gurudumu lake la kuazima. Baadaye, ukitaka, kaoshe.

Vigari ni thelathini na kimoja. Vinakaa ndani ya mkebe wa biskuti uliobonyea pembe, juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa reli hapo Voi, enzi ambapo injini za mvuke ndizo zilizovuta mabehewa kati ya Mombasa na Nairobi, zile kubwa za daraja la 59 zilizobandikwa majina ya milima. Vigari vichache alivinunua mwenyewe Mombasa, na kila kimoja kina sababu yake: hiki cha kufaulu mtihani, hiki cha kupona surua, hiki cha kumnyamazisha mtu siku mdogo wake alipozaliwa. Vingi zaidi viliachwa na watoto wa karani mmoja wa stesheni, familia ya Kihindi iliyofunga virago mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Wahindi wengi wa Kenya walipokuwa wakihamia Uingereza. Mjomba husimulia hilo akicheka kidogo: vigari vilitoka Uingereza vikabaki Voi, wenyewe wakatoka Voi wakaenda vilikotoka vigari.

Ukikigeuza chali ndipo kigari kinapoanza kusema. Chini ya tumbo kuna bamba lenye maandishi madogo, na kwa mpiga picha bamba hilo lina thamani kuliko boneti inayong'aa. Vilivyoandikwa Dinky vilitengenezwa Liverpool na kampuni ya Meccano, ya Frank Hornby, iliyoanza kulitumia jina hilo mwaka 1934 na kufunga kiwanda chake mwaka 1979. Vya Corgi vilitoka Swansea, Wales, kuanzia 1956. Hivyo ndivyo vilivyojivunia kuwa na madirisha ya plastiki wakati vya wenzao vilikuwa matundu matupu. Vidogo kabisa, vinavyotoshea kiganjani mwa mtoto wa miaka mitatu, ni vya Lesney wa London, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1947 na marafiki wawili waliokuwa na jina moja la ukoo, Smith, bila kuwa ndugu: Leslie na Rodney. Unganisha majina yao upate Lesney. Fundi wao Jack Odell alikuwa na binti ambaye shuleni kwake waliruhusu mtoto aende na kichezeo kinachoingia ndani ya kasha la kiberiti tu. Baba akamtengenezea kijitingatinga cha kushindilia barabara, na hapo ndipo jina Matchbox lilipozaliwa. Viwili vya mwisho kwenye mkebe vimeandikwa Macau, kwa sababu Lesney ilifilisika mwaka 1982 na jina lake likaenda kwa mwenye mali wa Hong Kong.

Kwa hiyo kila kigari nilikipiga mara mbili, juu na chini. Mpiga picha anayeacha bamba la chini ni kama karani anayeandika jina la mtu akaacha la baba yake.

Sasa nije kwenye lori. Ni Dinky, lilitoka kiwandani likiwa kijani, na hadi leo ukichungulia ndani ya matairi utaiona rangi hiyo imejificha. Nje lote ni damu ya mzee. Siku moja babu alirudi nyumbani na kikombe cha bati chenye masalio ya rangi iliyokuwa ikipakwa injini za East African Railways, na mjomba, akiwa na miaka tisa, akalipaka lori lake kwa unyoya wa kuku. Alipaka na vioo. Alipaka na taa. Kidole gumba chake kilibaki kwenye bodi rangi ikiwa mbichi, na alama yake ingali hapo, ndogo kuliko kucha yangu.

Mkusanyaji wa kawaida wa Ulaya angelitazama lori hilo akasikitika. Kwake yeye kigari kilichopakwa upya kimekwisha, na kisichokuwa na kasha lake kimekwisha nusu. Katika soko hilo yapo makasha matupu ya karatasi yanayouzwa kwa bei inayokaribia kodi ya nyumba. Picha za soko hilo zina sura moja dunia nzima: kigari juu ya weupe mtupu, kimegeuzwa upande kidogo, hakina kivuli, hakina mahali. Siilaumu picha ya namna hiyo. Kazi yake ni kuuza, na inauza. Ninacholalamikia ni kwamba sisi tusiouza tumeiiga. Ndiyo maana nilibeba kadibodi nyeupe hadi mlimani. Nilikuwa nimesafiri na soko mfukoni bila kujua.

Tena tujiulize ni vigari gani vilivyobaki safi ndani ya makasha yao. Ni vile ambavyo hakuna mtoto aliyevipenda vya kutosha, au ambavyo mtu mzima alivifungia kabatini. Lori la damu ya mzee limebeba kokoto, panzi, maharagwe na mara moja, kwa ushahidi wa mama yangu, jino. Limeviringishwa kwenye mteremko wa Mbololo hadi ekseli ya nyuma ikapinda. Ukilisugua mpaka chuma kitoke, ukalipaka kijani cha kiwandani kama mafundi wa kurejesha wanavyofanya, utakuwa umetengeneza Dinky moja zaidi kati ya maelfu, na umefuta kidole gumba kimoja ambacho hakina nakala.

Lakini kutoosha si ruhusa ya kupiga picha ovyo. Kigari kidogo ni kigumu kupiga kuliko bibi harusi, maana bibi harusi unaweza kumwambia ageuke, na hata ukikosea bado ataonekana mtu. Kigari ukikosea kinaonekana kipande cha bati.

Shida ya kwanza ni urefu wa macho. Sisi hukitazama kichezeo kutoka juu, na picha ya kutoka juu husema “hiki ni kichezeo” kabla hujaangalia lolote jingine. Mtoto hatazami hivyo. Mtoto hulala kifudifudi, shavu kwenye sakafu, jicho moja limefumbwa, na gari linamjia kubwa kama basi. Lala vivyo hivyo. Geuza simu kichwa chini ili lenzi ikae karibu kabisa na ardhi, isogeze karibu na kigari, na ghafla boneti inapanuka, dirisha linakuwa na ndani, na milima nyuma yake inakubali kuwa milima. Rafiki yangu mmoja mwenye kamera kubwa alikuja siku ya pili na lenzi ya kupigia wadudu, akajigamba sana. Taa ya mbele ikatoka wazi mpaka ukingo wake, mlango ukafifia, na nyuma ya mlango hapakuonekana kitu. Kadiri kamera inavyokuwa kubwa na kusogea karibu, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyozidi kuwa nyembamba. Simu, kwa udogo wa jicho lake, ilimshinda. Hakuzungumza sana wakati wa chai.

Shida ya pili ni jua. Voi iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, paa la gari linawaka na magurudumu yanazama gizani. Tulifanya kazi kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi. Kulikuwa na ukungu ulioteremka kutoka kwenye msitu wa juu, msitu huo unaosifika kwa kurumbiza wa Taita na kwa ua dogo la zambarau la jamii ya urujuani wa Kiafrika ambalo kwao ni Mbololo. Ukungu ni taa nzuri kuliko ya kununua. Hueneza mwanga pande zote, na rangi ya zamani, hasa iliyochujuka, inaonekana ilivyo. Jua lilipopasua nililazimika kuvua shati langu jeupe, maana nilikuwa nikijiona kwenye milango ya kila kigari kama mzimu mnene.

Ya tatu ni ardhi, na hapa Voi tuna bahati ambayo sidhani tumeigundua. Kinachosaliti udogo wa kigari ni punje. Mchanga wa kawaida chini ya gari la urefu wa kidole unaonekana kama mawe ya kujengea. Tone la maji ndilo baya zaidi, kwa sababu maji hayakubali kupunguzwa. Tone la umande kwenye boneti huonekana kama puto. Lakini udongo wetu mwekundu, huo huo unaowapaka ndovu wa Tsavo mpaka wageni wakadhani wamezaliwa wekundu, ukiuchekecha mara mbili unakuwa laini kama unga wa muhogo, na unga huo ni barabara kamili ya murram. Nilichekechea kwenye chujio la chai. Mke wa mjomba aligundua, na sitaeleza zaidi. Kwa vumbi la nyuma ya gari nilitumia mrija wa soda: unapuliza polepole kutoka upande wa pili, huku mtu mwingine anabonyeza simu. Mara thelathini hivi nilikula udongo ili nipate picha mbili.

Marekani alikuwepo Michael Paul Smith, aliyefariki mwaka 2018, ambaye alibuni mji mzima uitwao Elgin Park kwa magari ya namna hii. Aliyapanga juu ya meza ndogo barabarani, akaisogeza mpaka ukingo wa meza ukutane na barabara ya kweli nyuma yake, na picha zake, alizozipiga kwa kamera ndogo ya bei ya chini, ziliwafanya watu waamini wanatazama miaka ya 1950. Nilijaribu mbinu yake kutoka kwenye jabali moja mteremkoni, mahali unapoona barabara ya Mombasa kwenda Nairobi imelala bondeni. Niliweka kigari cha Matchbox, ile Safari Land Rover ya kijani yenye mizigo juu ya paa iliyotoka mwaka 1965, nikangoja trela ipite chini kwa ukubwa unaolingana. Trela hazikosi barabara hiyo. Kilichokosa ni subira yangu. Kati ya picha arobaini moja tu ilikubali. Lakini hiyo moja! Neno safari, Kiswahili kitupu, lilichukuliwa likapewa kigari huko London, likasafirishwa kwa meli, likanunuliwa Mombasa, na baada ya miaka sitini hivi limeegeshwa juu ya jabali la Mbololo likitazama magari ya kweli.

Kuna kingine kwenye mkebe ambacho kilinisumbua zaidi. Ni Volkswagen ya Corgi, nyekundu, iliyotolewa mwaka huo huo wa 1965 kwa sura ya gari la mashindano ya East African Safari. Tairi la akiba liko juu ya paa, na ukilizungusha, magurudumu ya mbele yanakata kona. Ndani ya kasha lake kiwandani waliweka pia kifaru, maana kwa Mwingereza wa wakati ule mbio za Afrika Mashariki bila kifaru njiani hazikuwa mbio. Mjomba anayakumbuka magari ya kweli yakipita vilima vya Taita wakati wa Pasaka, watoto wamekaa juu ya kingo tangu alfajiri, na gari likishapita wanabaki wakilinusa vumbi. Mashindano hayo yalianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Elizabeth wa Pili, na yakaitwa Coronation Safari. Mwaka huo huo, kwa sherehe hiyo hiyo, Lesney waliuza zaidi ya nakala milioni moja za kigari kidogo cha kifalme cha kukokotwa na farasi, na mafanikio hayo yakawapa nguvu ya kuanzisha Matchbox. Kwa hiyo kutawazwa kwa mtu mmoja kulituletea mbio za kweli kwenye vilima vyetu na vigari vya kuziigiza kwenye sakafu zetu.

Kifaru wa Corgi hayupo. Mjomba anasema kifaru alipotea yeye mjomba akiwa darasa la saba, pengine alifukiwa uani, pengine mdogo wake alimbadilisha kwa gololi. Aliponiambia hivyo tulikuwa tumekaa tukitazama nyika ya Tsavo, hifadhi iliyotengwa mwaka 1948 na iliyokuwa na vifaru weusi wengi kuliko karibu mahali pengine popote. Hadi miaka ya 1980 majangili walikuwa wamewafyeka. Ulipoanzishwa uzio wa Ngulia, Tsavo Magharibi, mwaka 1986, walianza na vifaru watatu.

Mtandaoni kuna watu wanaouza vifaru vya kuchukua nafasi ya waliopotea, vimefinyangwa upya kwa kipimo kile kile. Mpwa wangu alitaka tuagize kimoja ili picha ikamilike. Nilikataa. Nilikiegesha kigari upande wa kushoto wa picha, magurudumu yamekatwa kona kama dereva aliyeona kitu ghafla, na upande wa kulia nikaacha udongo mtupu wa ukubwa wa kifaru. Hiyo ndiyo picha ya pekee ambayo mjomba ameomba ichapishwe na kutundikwa sebuleni.

Kupiga picha hizi kuna haraka yake pia. Chuma cha vigari hivi ni zinki iliyochanganywa na alumini, magnesi na shaba kidogo. Ikiwa wakati wa kuyeyushwa risasi kidogo ilidondokea humo, na viwandani kabla ya Vita vya Pili ilidondokea mara nyingi, chuma huugua. Hupasuka chenyewe, huvimba, hupinda, mpaka siku moja unakiokota kigari kinabomoka mkononi kama biskuti, na joto na unyevu huzidisha ugonjwa huo. Hauna dawa. Kwenye mkebe wa mjomba kipo kimoja, basi la zamani kuliko yeye mwenyewe, ambalo nyufa zake zimefika dirishani. Nililipiga pande zote sita kwa mwanga wa kulalia, ule unaotoka ubavuni na kuonyesha kila ufa. Mwenye soko angeuficha ufa. Mimi huo ndio niliokuwa nikiutafuta.

Najua yupo msomaji anayeguna. Kwamba Mbololo ndovu wanaingia mashambani usiku, maji ni ya kununua kwa mtungi msimu wa kiangazi, na huyu mtu anatuandikia gazeti zima kuhusu vichezeo. Mguno huo ni halali na siutaki unyamaze. Ila kumbukumbu za kaunti hii tumeziachia watu wa nje kwa muda mrefu: reli imepigwa picha na waliokuja kuijenga, makaburi ya vita vya kwanza hapo Voi yanatunzwa vizuri na yanatembelewa na wajukuu wa wanajeshi, na ndovu amepigwa picha mpaka amechoka. Sakafu ya nyumba ya fundi wa reli, na mtoto aliyelala juu yake akisukuma lori, nani alivipiga picha? Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya vitu ambavyo wengi waliviona takataka, na leo vinajaza ukumbi kwenye jengo la Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Hatuhitaji jengo. Tuna simu.

Na tusiishie kwa vigari vyenye bamba la Uingereza, maana hivyo vilikuwa vya wachache. Siku ya tatu mjukuu wa jirani, mvulana wa miaka kumi, aliyekuwa akituchungulia tangu siku ya kwanza, alikuja na trela yake. Waya mtupu, magurudumu ya patipati iliyokatwa, tela la mkebe wa mafuta ya kupikia, na usukani mrefu unaofika kifuani. Alikuwa ameipa ekseli sita, kama zile zinazosimama Maungu. Aliuliza kama “na hii inaweza kupigwa”. Niliona aibu kwamba ilibidi aulize.

Gari la waya halipigiki kwa njia ya la chuma. Halina ubavu wa kushika mwanga. Ukilitazama kwa karibu mandhari ya nyuma inalipenya na kulimeza. Nilihangaika nusu saa hadi mvulana mwenyewe akaniambia nitazame chini. Jua la saa mbili lilikuwa limelaza kivuli cha trela juu ya udongo mwekundu, kila waya mahali pake, kabati la dereva, kioo cha pembeni, hata antena. Nikapiga kivuli. Kisha nikaandika jina lake, tarehe, na kwamba waya ulitoka kwenye ua wa shule uliobomoka. Magari ya waya hayakai makabatini. Mvua mbili, mwaka mmoja, mwenyewe amekua, yamekwisha. Yakipigwa picha ndiyo yamehifadhiwa, na kama kuna mwalimu anayesoma hapa na ana dakika kumi baada ya mapumziko, anaweza kuwa na makumbusho kwenye simu yake kabla ya muhula kuisha.

Jumatatu mchana tulikuwa tumemaliza. Nilimsogezea mjomba simu usoni kabisa, tukapitia picha moja baada ya nyingine, yeye akinisimulia na mimi nikiandika chini ya kila moja: nani alikileta, nani alikivunja, nani alilia. Alipofika mwisho alinyamaza kidogo.

“Na mkebe?”

Sikuwa nimeupiga. Nilivitoa vigari vyote nikavipanga mkekani, nikaupeleka mkebe dirishani na kuuinamisha. Chini kabisa, kwenye bati, miaka sitini ya matairi ilikuwa imekwangua mistari myembamba iliyopishana, na pembeni kulikuwa na unga wa kutu, ukucha mmoja, na punje tatu za rangi ya damu ya mzee.

“Usiufute,” akasema mjomba. Nilikuwa nimeshalala kifudifudi.